Kirukajani wa Kamango

Siku yangu ya kwanza kazini nilimeza mdudu. Papa Paluku alikuwa amenipa kichupa cha kukamatia, kile chenye mirija miwili ya mpira: ncha moja unaisogeza karibu na mdudu, nyingine unaitia kinywani na kuvuta pumzi, naye mdudu anaingia kwenye kioo kabla hajaruka zake. Kwenye mpira wa kinywani huwa kuna kipande cha kitambaa chepesi cha kumzuia asiendelee na safari. Changu kilikuwa kimetoboka. Nilivuta, nikakohoa, nikameza. Papa Paluku alinitazama kwa utulivu wa mtu anayetazama mvua, akasema, "Bien. Sasa utakuwa unaangaliaka vyombo vyako mbele ya kuvitumikisha."

Ninyi mlioko kituoni sasa mmeniomba niandike kabla sijasahau. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, kama panya wameacha kitu. Mimi nitaandika juu ya kazi, na juu ya jambo moja nililolifanya ambalo halimo kwenye faili lolote, nalo ndilo lililonifanya nikatae sherehe mliyotaka kuniandalia. Mlidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu.

Kituo chetu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Beni, na kazi yetu ilikuwa magonjwa ya mimea. Mahindi ya wakulima yalikuwa yakipata michirizi ya njano na kudumaa, na ilijulikana kwamba ugonjwa huo hubebwa na wadudu wadogo, wengine hawafiki ukubwa wa punje ya mchele, wanaofyonza utomvu wa majani na kuruka kwa ubavu ukiwagusa. Kwa Kifaransa huitwa cicadelles. Sisi tuliwaita virukajani. Kabla ya kujua ni kirukajani gani anayebeba ugonjwa, ilibidi kwanza tujue ni virukajani gani tulio nao. Kwa hiyo tulikamata kila aina, wenye hatia na wasio na hatia, tukawapanga kwenye masanduku.

Papa Paluku ndiye alikuwa mkamataji mkuu. Hakuwa na diploma. Alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti, mtu mrefu, mkavu, na alikuwa ameshika wavu tangu ujana wake. Angesimama pembeni mwa shamba la kahawa, akatazama kichaka dakika nzima bila kusogea, kisha akasema, "Pale, chini ya jani la tatu." Ungekwenda ukainua jani la tatu, ukamkuta. Mimi nilikuwa na diploma na sikuona kitu.

Ndiye aliyenifundisha etiketi. Mdudu mkavu anachomwa pini, na chini yake kwenye pini ileile kunachomwa kijikaratasi: mahali, urefu wa mlima, mmea aliokutwa juu yake, siku, jina la mkamataji. Mdudu wa ndani ya alkoli anawekewa kijikaratasi ndani ya kichupa, kimeandikwa kwa penseli, kwa sababu alkoli hula wino lakini haili penseli. "Etiketi inaandikiwaka kule mududu alikamatiwa, hapana ku bureau," aliniambia. "Ukisema utaandika magaribi, umeisha kuanza bongo." Bongo kwetu ni uongo. "Mududu bila etiketi iko takataka. Na mududu wa etiketi ya bongo iko mubaya kupita takataka, ju takataka haimudanganye mutu."

Sheria hiyo ninaweza kuisema hata usingizini. Muikumbuke mnaposoma yanayofuata.

Wa tatu wetu alikuwa Masika, mwanamke wa rika langu, Mkatoliki kutoka Butembo, ambaye kazi yake ilikuwa kupasua na kuchora. Virukajani hawatambuliki kwa rangi. Wawili wanaofanana kama mapacha wanaweza kuwa aina mbili, na wawili wasiofanana kabisa wakawa mume na mke. Kinachowatofautisha kwa hakika ni viungo vya uzazi vya dume. Unakata ncha ya tumbo, unaichemsha kwenye potasi mpaka nyama itoke, unaiweka kwenye tone la gliserini chini ya mikroskopi, kisha unachora ulichokiona. Padri wa parokia yake alimwuliza mara moja anafanya kazi gani hasa. Masika akamweleza kwa ukamilifu. Padri hakuuliza tena.

Ni Masika aliyeona kwanza. Papa Paluku alikuwa ameleta vichupa kutoka Mabalako, kule upande wa Mangina, ambako mashamba ya kahawa yanapakana na msitu. Kwenye kichaka kimoja cha porini chenye majani ya manyoya mazito alikuwa amekamata virukajani wa kahawia ambao sote tuliwadhania wa kawaida. Masika aliwapasua mmoja baada ya mwingine asubuhi yote, kisha akaniita.

"Kakule, kuya uone. Hii kiungo inapasuka mara mbili ku ncha, sawa ulimi ya nyoka. Kwa kitabu haiko."

"Labda uliivunja ukiwa unapasua."

"Nilivunja kumi na moja, yote sawasawa?"

Hakuivunja. Mpaka msimu ulipoisha tulikuwa na aina tatu, zote na ncha ile iliyopasuka, zote kutoka Mabalako, zote zisizolingana na kitu chochote kilichowahi kuchapishwa. Tulimwandikia profesa mmoja wa Ulaya aliyekuwa mjuzi wa virukajani wa Afrika. Alijibu kwa furaha ambayo ilionekana hata kwenye mwandiko wake. Alisema huenda ni jenasi mpya, yaani si aina moja tu bali ukoo mzima wa aina, na kwamba tutauandika pamoja. Ninakiri kwamba barua ile niliisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwaka huohuo nilikwenda Kamango mara moja, peke yangu, kule chini ng'ambo ya Semuliki karibu na mpaka wa Uganda. Joto, mpunga, kakao, wafanyabiashara wanaovuka na mizigo. Nilirudi na vichupa kadhaa. Kisha nikaenda Mabalako tena, nikarudi na vichupa vingine. Na hapa ndipo uvivu wangu unapoingia. Nilikuwa nimechoka kusukuma vijikaratasi ndani ya vichupa kwa kibano. Nilianza kuzibandika etiketi nje, kwa gundi, kwa wino. Zilipendeza sana rafuni. Papa Paluku aliziona siku moja, akainua kichupa kwenye mwanga, akasema, "Ni muzuri sawa chupa ya soko," akakirudisha. Nilifikiri amenisifu.

Vita vya kwanza vilipita juu yetu kwa haraka, kama upepo unaobeba mabati. Vya pili vilikuja vikakaa. Kituo kilipoanza kutembelewa na watu wenye bunduki waliotaka milango, vitanda, na hata mabomba ya choo, mkuu wetu alituambia kila mmoja aokoe anachoweza. Tuliamua kuhamishia mkusanyo Butembo. Papa Paluku na mimi tulifunga masanduku kwenye baiskeli mbili, tukasukuma. Masika aliifunga mikroskopi mgongoni kwa kitenge, akaifunika kichwa kwa kofia ya sufi. Kwenye kizuizi askari mmoja alichungulia, akamwambia kwa Kilingala, "Mwana alala malamu, mama," mtoto alale vizuri. Masika akamshukuru na kupita. Anasema ndiye mtoto wake pekee ambaye hakuwahi kumsumbua.

Mvua ilitukuta njiani, na haikutuacha mpaka Butembo. Nilipofungua sanduku langu nyumbani kwangu, mtaa wa Vulamba, vichupa vyote vilikuwa vizima, na etiketi zangu zote zilikuwa zimebanduka. Chini ya sanduku kulikuwa na uji wa karatasi na wino. Vichupa vya Papa Paluku, penseli ndani, vilisomeka kama Biblia.

Sikumwambia mtu. Nilichukua daftari langu la safari, nikahesabu wadudu, nikalinganisha, nikaandika etiketi upya, safari hii kwa penseli na ndani. Kwa kweli nyingi nilizipata kwa haki, na ninaweza kuapa. Kikabaki kichupa kimoja. Ndani yake kulikuwa na dume mmoja wa kahawia. Masika alimpasua, akasema ni wa ukoo wetu, lakini ncha yake iliyopasuka ilikuwa na kijino cha pembeni ambacho wale watatu hawakuwa nacho. "Huyu ulimutosha wapi?" aliniuliza. Nikamwambia nitaangalia kwenye daftari. Daftari halikusema kitu.

Jibu la haki lilikuwa maneno mawili: mahali hapajulikani.

Lakini barua ya profesa ilikuwa mezani, imefika kupitia lori la mfanyabiashara kutoka Kampala. Alikuwa ameona mchoro wa Masika tuliomtumia. Aliandika kwamba, kama dume huyu ametoka Mabalako, pamoja na wengine, basi kijino kile kinaweza kuwa tofauti ndogo tu ndani ya aina ya tatu, na yeye asingethubutu kumpa jina kwa mdudu mmoja. Ila kama ametoka mbali, tuseme kule chini ng'ambo ya Semuliki ambako Monsieur Kakule aliwahi kukamata, basi ni aina ya nne bila shaka. Angefurahi kujua.

Nilikiinua kichupa kwenye dirisha. Na sasa nitaandika kile ambacho kwa miaka nilikiruka hata nilipokuwa nikijisimulia mwenyewe. Ndani ya alkoli, chini, kulikuwa na kipande cha jani, kidogo kama ukucha. Kilikuwa na manyoya mazito. Kichaka kile sikukiona Kamango. Nilikifahamu vizuri, nilikuwa nimejikuna mikono kwa ajili yake asubuhi nyingi huko Mabalako. Kwa hiyo sikuwa na shaka. Nilikuwa na ushahidi.

Nilichukua kibano, nikakitoa kile kipande cha jani, nikakitupa dirishani. Kuku akaja kukitazama, akakiacha. Kisha nikachonga penseli, nikaandika: Kamango.

Nilijiambia sababu nyingi, na zote zilikuwa na sura nzuri. Nilijiambia kwamba ni aina mpya kweli, na kwamba kijino cha Masika hakidanganyi, jambo ambalo baadaye lilithibitika. Nilijiambia nchi inaungua, nani atajali kichupa. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko hizo. Wale watatu walikuwa wa Papa Paluku. Huyu alikuwa wangu. Na barabara ya Kamango ilikuwa imefungwa na watu wenye silaha, hakuna ambaye angekwenda kutazama.

Makala ilichapishwa. Kila aina mpya huwa na mdudu mmoja anayebeba jina, ambaye wengine wote wa dunia watalinganishwa naye. Wa aina ya nne alikuwa wa kichupa changu, na profesa, kwa kutaka kunipendeza, alimpa jina la Kilatini lililotokana na Kamango. Jina likishachapishwa halibadilishwi hata likiwa na kosa, ndiyo sheria ya kazi yetu. Mapadri, wachungaji, na majirani wa Vulamba walikuja kunipongeza. Papa Paluku alishukuriwa kwenye mstari mmoja wa chini, kwa herufi ndogo. Alisoma mstari ule kwa kidole, akakunja karatasi vizuri, akasema, "Wasingya," ahsante kwa Kinande, na alimaanisha.

Ilikuwa katika utulivu mmoja wa vita, ule wa kupumua tu, profesa alipoandika tena. Aina ya nne ilikuwa na dume mmoja. Alihitaji jike, na madume zaidi. Niliisoma barua kwa sauti mbele ya wote wawili, kwa sababu ilifika mikononi mwa Masika na sikuwa na namna ya kuificha.

"Nitaenda," akasema Papa Paluku.

Nikamwambia, "Papa, njia ya Kamango iko mubaya."

"Njia iko mubaya tangu batoto yangu walizaliwa. Niko na bakwe kule, wataniweka. Ulimukuta ku muti gani?"

Nyinyi mnaosoma, hapa ndipo mlango ulipokuwa wazi. Alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yake yakigusa meza, na penseli tayari mkononi aandike jibu langu. Ningesema neno moja tu. Badala yake nikasema, "Ku majani ya pembeni ya mupunga, Papa. Sikumbuke muzuri." Akaandika: majani, pembeni ya mpunga.

Alikwenda. Alikaa Kamango siku nyingi, akafagia wavu kwenye kila jani la pembeni mwa kila shamba la mpunga. Tulipata salamu moja kutoka kwa mfanyabiashara wa samaki: mzee yuko, anatafuta bado. Kisha mapigano yakarudi na salamu zikakatika. Mkewe, Mama Kahindo, alikuwa akipita kwangu kila Jumapili baada ya ibada kuuliza kama nimesikia kitu. Nilimkaribisha kiti. Nilimwambia tumwombee. Aliniamini mimi kuliko redio.

Papa Paluku alirudi baada ya miezi, kwa miguu. Watu wenye silaha walikuwa wamemkamata njiani pamoja na wengine na kuwabebesha mizigo msituni, wiki baada ya wiki. Aliwatoroka siku ya mvua. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka, na mkono ule haukuinuka tena kupita kifua. Nilikwenda kumwona, akiwa amekaa uani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa lile alilosema.

"Kakule, unisamehe. Sikumupata."

"Papa, hapana sema ivyo."

"Nilitafuta muzuri. Siku zote zile mbele ya vita kurudi. Wewe ulimupata kwa safari moja, miye hata moja. Ni macho. Macho yangu imeisha." Alitazama mkono wake uliolala. "Na hii nayo. Sasa wavu haina kazi."

Mama Kahindo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai kwa ajili yangu. Nilikipokea. Nilikinywa chote. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo ninapolala: si msitu, si wenye bunduki, bali mimi, nikinywa chai ya mtu yule mpaka tone la mwisho, nikimwambia kwamba macho ya kila mtu huchoka.

Hakuja tena kazini. Kitambaa cha wavu wake, kile cheupe chepesi, Mama Kahindo alikishona kuwa chujio la maziwa ya soya. Nilikaa kimya mwaka, na zaidi ya mwaka. Kazi iliendelea. Nilifundisha wapya jinsi ya kuandika etiketi. Wengine wenu mlikuwa wanafunzi wangu, na mtakumbuka kwamba nilikuwa mkali sana juu ya penseli.

Masika ndiye aliyelimaliza jambo hili. Alikwenda Mangina kwenye matanga ya shangazi yake, na kwa vile hakujua kukaa bure, alipita Mabalako na kichupa mfukoni. Alirudi Butembo, akaja kwangu mchana wa jua kali, hakukaa. Aliweka vichupa sita mezani kwangu, penseli ndani ya kila kimoja.

"Madume tatu, majike tatu," alisema. "Yote ya kijino. Ku ile kichaka ya manyoya. Wanajaa pale, Kakule. Mutoto anaweza kuwakamata."

Nikasema, "Inawezekana wanapatikana Mabalako na Kamango, kote kuwili."

"Inawezekana." Alinitazama kama alivyokuwa akitazama kwenye mikroskopi, jicho moja amelifinya kidogo. "Nilienda kuangalia michoro yangu ya kwanza. Wakati uliniletea ile kichupa, niliandika pembeni ya karatasi yangu vitu vyote nilikuta ndani. Ni desturi yangu. Niliandika: dume moja, kipande ya jani, manyoya. Kisha etiketi yako ikakuya, jani haiko. Nikafikiri ni miye nilikosea." Akavisogeza vile vichupa karibu yangu. "Miaka hii yote nilifikiri ni miye."

Nilichukua kichupa kimoja, nikasoma penseli yake: Mabalako.

"Utamwambia Papa weye, ao nimwambie miye?"

"Nitamwambia."

"Leo?"

Nikasema kesho. Ninaona aibu kuandika kwamba ile kesho ilichukua wiki tatu. Nilipita mbele ya nyumba yake mara mbili nikaendelea na njia, kama mtu mwenye haraka. Masika hakunisukuma. Kila asubuhi alikuwa akifika kazini, akinisalimia, akiketi. Ilikuwa vigumu kuliko kama angenitukana.

Nilimkuta Papa Paluku akipukuchua maharagwe pamoja na mkewe, beseni katikati yao. Alifanya kwa mkono mmoja, haraka kuliko mimi kwa miwili. Nilibaki nimesimama. Nilimwambia yote kwa mpangilio: etiketi za nje, mvua, daftari, barua, jani, dirisha. Nilimwambia kwamba siku aliyoniuliza mti gani nilikuwa najua. Mama Kahindo aliinuka kabla sijamaliza, akaingia jikoni. Papa Paluku aliendelea kushika ganda moja la maharagwe ambalo lilikuwa tupu tayari.

"Donc," alisema mwishoni, polepole sana, "macho yangu ilikuwa muzima?"

"Ilikuwa muzima, Papa. Kamango hakukuwa na kitu cha kuona."

Alifunika uso wake kwa mkono ule mzima. Nilidhani analia kwa ajili ya bega, au kwa ajili ya msitu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa analia kwa ajili ya ile miaka aliyokaa uani akijiona kipofu. Nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, ardhi imelowa.

"Lete karatasi," alisema.

Niliandika barua kwa profesa pale pale, juu ya ubao wa kukatia mboga. Papa Paluku alikaa pembeni yangu akinisikiliza nikiisoma kila sentensi. Nilipoandika kwamba mahali palikosewa, alinisimamisha.

"Hapana andika 'palikosewa'. Nani alikosa?"

Nikaandika: nilipakosea.

"Ulikosea ao ulijua?"

Nikaandika: nilijua.

"Na jani. Hapana ficha jani. Andika ile ulilitupa."

Nikaandika. Nikatia sahihi. Aliisoma yote mwenyewe, bila miwani, karatasi akiiweka mbali kidogo kwenye mwanga. Kisha akanirudishia na kusema nimpelekee salamu Masika.

Profesa alijibu kwa barua fupi, aliyomwandikia Masika, si mimi. Masahihisho yalichapishwa, mistari michache. Mdudu wangu bado anabeba jina la mahali ambapo hajawahi kukanyaga, na atalibeba baada ya sisi sote kufa. Kila mwanafunzi wa Ulaya au wa Kampala atakayelisoma atajua kwanza uongo wangu, kisha, akiwa na bidii ya kusoma mpaka chini, atajua ukweli.

Msimu uliofuata Masika alimchukua Papa Paluku kwenda Mabalako. Alibeba wavu yeye, mzee akawa anaonyesha: pale, chini ya jani la pili, hapana, la kushoto. Walirudi na majike wa aina zote nne. Maelezo ya majike yalichapishwa kwa majina mawili, lake na la Masika, na kwa mara ya kwanza jina la Paluku lilikuwa juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa kama za profesa. Sikualikwa kwenye safari ile, wala sikuomba kualikwa. Niliyasoma maelezo kama mnavyoyasoma ninyi.

Mtauliza kama alinisamehe. Alikuwa Mkristo, na aliniambia kwa mdomo wake kwamba amenisamehe, mbele ya mkewe, na mkewe akaitikia kwa kichwa. Hatukugombana kamwe. Niliendelea kumtembelea mpaka alipofariki, na hakuna siku hata moja aliyonifungia mlango. Tuliongea juu ya mvua, juu ya bei ya maharagwe, juu ya kwaya. Hakuniuliza tena juu ya wadudu, nami sikuthubutu kuanza. Mwaka wake wa mwisho nilimkuta anahangaika kusogeza gunia la mihogo kivulini kwa ule mkono mmoja, nikakimbia kushika upande wa pili. Alinizuia kwa upole, akapangusa kiti kwa kiganja chake, akakisukuma kuelekea kwangu.

"Ikala, Monsieur Kakule," alisema. "Wewe uko mugeni."